Itifaki Imezingatiwa, Ratiba Haipo

Mtanzania ataivumilia foleni ya Ubungo, atauvumilia mgao wa maji na harusi inayoanza saa nne usiku, ila usimwalike kwenye mkutano usio na ratiba. Atakuuliza ratiba iko wapi. Ukimjibu kwamba ratiba mtaipanga wenyewe asubuhi hiyo hiyo, atauliza mgeni rasmi ni nani. Ukimwambia hakuna, atakutazama kwa huruma, kisha atashusha sauti: "Na chakula je, kipo?"

Chakula kilikuwepo. Nitakifikia.

Sisi tulikuwa watu wachache wa Dar es Salaam tunaoshinda na kompyuta: waandishi wa programu, mwalimu mmoja wa sekondari, mhasibu anayependa kuchora ramani za mtandaoni kuliko kufunga hesabu za mwajiri wake, na mimi, ambaye nilihesabiwa fundi wa kuandika barua za maombi. Tuliamua kuitisha mkutano wa teknolojia wa mtaani, wa bure, unaoendeshwa kwa kujitolea, ambao wanaohudhuria ndio wanaopanga mada na ndio wanaozitoa. Mtindo huu hatukuubuni sisi. Agosti 2005, huko Palo Alto, California, watu ambao hawakualikwa kwenye Foo Camp, mkutano wa mwaliko maalumu wa kampuni ya Tim O'Reilly, mchapishaji wa vitabu vya kompyuta, waliitisha wa kwao ulio wazi kwa yeyote, wakauita BarCamp. Waliuandaa ndani ya muda usiofika wiki moja na wakapata watu wapatao 200. Kabla ya 2010 majirani zetu wa Nairobi walikwisha kuwa na BarCamp yao. Jina hilo sisi tuliliacha huko huko California, kwa sababu ukumbi tuliouomba ulikuwa wa taasisi ya dini, na barua yenye kichwa cha habari "Yah: Maombi ya ukumbi kwa ajili ya Bar" isingevuka meza ya mapokezi.

Hayo maneno "muda usiofika wiki moja" ndiyo yaliyotuponza. Sisi tulianza vikao kabla ya mfungo wa Ramadhani na tukafika siku yenyewe Sabasaba imeshapita. Wale Wamarekani hawakuwa na kamati. Kwetu, watu wanne wakikutana kula mihogo ya kukaanga lazima apatikane mwenyekiti, katibu na mhazini, na anayebaki bila cheo huacha kula kwa kinyongo. Tukawa na kamati kuu, kamati ndogo ya ukumbi, kamati ndogo ya mapambo ambayo hakuna aliyekumbuka kuiteua, na kundi la WhatsApp lililojaa watu wa kujitolea. Sijapata kuona jeshi lenye moyo namna ile. Katibu akiandika, "Wapendwa, nani ana projekta?" walijibu papo hapo: "Swali zuri sana." "Tuko pamoja." "Mungu atafanya njia." Mmoja alituma tangazo la viwanja Kigamboni. Projekta ilipatikana baadaye kwa shemeji wa mhazini, ambaye hakuwamo kwenye kundi.

Mfadhili naye alipatikana. Kampuni moja ilikubali kulipia chakula na fulana kwa masharti ambayo yalionekana madogo: pawe na bango lao, pawe na mgeni rasmi, na wapelekewe ratiba mapema. Tukaeleza kwamba uzuri wa mkutano wenyewe ni kutokuwa na ratiba. Yule dada wa mawasiliano alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Nimewaelewa kabisa, kaka zangu. Ila bosi hawezi kusaini bila ratiba." Basi katibu akakesha akaandika ratiba ya mkutano usio na ratiba. Saa 3:00 hadi 4:00, Mada. Saa 4:00 hadi 5:00, Mada. Saa 5:00 hadi 6:00, Mada (inaendelea). Kwenye safu ya "Mhusika" akajaza "Wote" kuanzia juu hadi chini. Jibu lilikuja siku ile ile. Walikuwa wameridhika, ila waliuliza kwa nini neno la shukrani halikupangiwa muda.

Waliojiandikisha walifanya hivyo kwa fomu ya mtandaoni, nayo fomu ilituma tarehe moja kwa moja kwenye kalenda za simu zao. Aliyeitengeneza aliandika 3:00 asubuhi, kama anavyosema mtu yeyote mwenye akili timamu kati ya Tanga na Mtwara. Kalenda haikuzaliwa huku. Kijana mmoja wa Mbagala aliamshwa na simu yake saa tisa usiku ikimtaarifu kwamba mkutano umeanza. Alifika wa kwanza, amevimba kwa hasira, akauliza ni nani aliyeandika programu ile ya kalenda. Huyo ndiye alikuwa mtu wetu hasa, na hakuondoka mpaka viti vilipokusanywa.

Nikifika kwenye viti lazima nimzungumzie mzee mtunza ukumbi. Mikutano ya aina hii hupenda watu wakae duara, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Tulivipanga duara, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi vilikuwa vimenyooka safu kwa safu, vyote vinatazama jukwaa. Tukadhani ni vijana wetu. Tukavirudisha. Mara ya pili tulimkuta mwenyewe yuko kazini, anasukuma kiti cha mwisho kwa goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kavuruga viti vyangu?"

"Ni sisi mzee. Tumevipanga duara makusudi."

"Duara ya nini? Mnasuluhisha ndoa?"

"Hapana mzee, ni mkutano wa teknolojia."

"Sasa mkutano gani watu wanatazamana usoni?" Akatutazama mmoja mmoja. "Na mgeni rasmi atakaa wapi? Ubavuni?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu mgeni rasmi tulikuwa naye. Mazungumzo yakahamia pembeni, kama inavyopaswa kati ya wakubwa na wadogo, na tukatoka na nusu duara, meza moja yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na chupa nne za maji. Meza kuu ilirudi kupitia dirishani. Nadhani hata kama tungefanyia mkutano juu ya mti, mtu angepanda na kitambaa.

Mlangoni kulikuwa na jambo jingine. Mhazini aliweka daftari ili ajue fulana za saizi gani zitoshe. Mtu, simu, sahihi, saizi. Katika mji huu daftari lenye nafasi ya sahihi lina maana moja tu, na maana yenyewe hulipwa jioni. Habari za posho zilitangulia mbele yetu mpaka kituo cha daladala. Walikuja watu ambao hawakuwa na neno na kompyuta, wameoga, wamenyoosha mashati, wakaweka sahihi nzito za kiofisi na kuuliza kama nauli ya kutoka Chanika inarudishwa kwa tiketi au kwa makadirio. Mhazini alipojaribu kueleza kwamba ile ni saizi ya fulana, bwana mmoja alimjibu kwa upole, "Andika XL, mengine tutaongea baadaye." Mhazini aliandika XL.

Mgeni rasmi, ofisa mmoja mkubwa ambaye mfadhili alimpata kwa njia zake, alifika tukiwa tumekwisha kuanza. Tukasimama. Alianza vizuri: itifaki imezingatiwa, amefurahi kuwa nasi, taifa linawategemea vijana. Kwenye ukurasa wa pili hotuba ilibadilika mwendo. Alitupongeza kwa kumaliza mafunzo yetu ya awali, akatutaka tuitunze mizinga tuliyokabidhiwa na tujihadhari na siafu. Ni wazi kwamba msaidizi wake alichapisha hotuba mbili asubuhi ile, na mahali fulani palikuwa na wafugaji wa nyuki wanaohimizwa kulinda paswedi zao. Ukumbi ulipiga makofi. Msimamizi wa seva aliyekuwa karibu nami alininong'oneza kwamba kwa upande wa siafu mheshimiwa amegusa penyewe. Kisha mkutano ukafunguliwa rasmi, mgeni akaomba radhi kwamba ana majukumu mengine, akaondoka, na safu mbili za watu wenye sahihi nzito zikamsindikiza hadi kwenye gari zikidhani bahasha ziko huko.

Ndipo tukabaki na ukuta.

Ukuta ndio moyo wa mkutano wa namna hii. Unachora jedwali tupu: vyumba juu, saa pembeni. Mwenye mada huandika kwenye kikaratasi cha kunata, anasimama mbele ya watu, anaitaja, anaibandika. Vitabu vinasema jedwali hujaa ndani ya nusu saa. Letu lilikaa tupu, na watu wakawa wanalitazama kwa heshima. Hawakukosa la kusema. Pembezoni walikuwa wanabishana kwa nguvu kuhusu makato ya huduma za pesa kwa simu na kama mashine itakuja kutafsiri Kiswahili cha Pemba. Shida ni kwamba mtu aliyelelewa vizuri hajitangazi. Atasema yeye hajui kitu, wapo wanaojua zaidi, na atasema hivyo huku ameandika tasnifu juu ya kitu hicho hicho.

Aliyetuokoa ni mwalimu. Alisimama akasema, "Mwenyekiti, napendekeza jina la kaka yule mwenye shati la bluu, atueleze habari za ramani." Nyuma mtu akadakia, "Naunga mkono hoja!" Kaka wa shati la bluu akakataa mara mbili, kama ipasavyo, mara ya tatu akaenda kubandika. Baada ya hapo ukuta ulijaa kwa kasi ambayo Palo Alto wasingeiweza. Watu walipendekezana kwa mapenzi, kwa visasi na kwa madeni ya zamani. Dada mmoja alipendekezwa kufundisha usalama wa taarifa binafsi na mtu ambaye, ilikuja kujulikana, alikuwa mchumba wake wa zamani, na alifundisha kwa mifano hai. Huu utaratibu sijauona ukiandikwa popote, na ninaushauri kwa yeyote anayetaka kufanya jambo hili upande huu wa bahari.

Ukuta ulipokwisha kujaa, mtu fulani aliona joto. Akawasha panga boi, akalipeleka moja kwa moja kwenye namba tano. Vikaratasi vya kunata, katika unyevu wa Dar es Salaam, vinanata kwa nadharia tu. Ratiba nzima ilipaa. Ikazunguka juu ya vichwa vyetu, ikatua kwenye nusu duara, kwenye meza kuu na ndani ya glasi ya maji ya mgeni rasmi. Kijana wa kujitolea, mwepesi na mwenye nia njema, akaviokota vyote na kuvibandika upya kabla hatujamwahi. Alivipanga kwa rangi. Ukuta ulipendeza kweli kweli: njano yote pamoja, waridi yote pamoja, kijani chini. Tatizo ni kwamba mada zote za njano ziliangukia chumba kimoja saa ile ile. Watoa mada watatu wakajikuta mlangoni kwa pamoja, wakapeana mikono, wakaingia. Nasikia kilitoka kipindi kimoja kuhusu kuwafundisha wazee wa kata kutumia ramani ili wasitapeliwe viwanja. Sikuwepo, nilikuwa natafuta jenereta.

Asili ya mikutano hii inatangulia BarCamp. Mmarekani Harrison Owen alihangaika sana kuandaa kongamano mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wajumbe wakamwambia kwamba kilichowafaa zaidi ni mapumziko ya kahawa. Mwingine angesusa. Yeye akaamua kutengeneza mkutano ambao wote ni mapumziko ya kahawa. Alikumbuka pia kijiji cha Balamah nchini Liberia, ambako miaka ya 1960 alishuhudia sherehe za jando zikiendeshwa kwa siku kadhaa bila kamati inayoonekana. (Angefika Tandika badala ya Balamah, angekuta kamati, mhazini, kadi za michango na MC, na dunia ingekosa mtindo huu.) Mojawapo ya kanuni zake inahusu miguu: ukijikuta mahali hujifunzi wala huchangii, inuka utumie miguu yako miwili uende kwingine, na asiwepo wa kukasirika.

Kanuni hiyo tuliisoma kwa sauti, watu wakaitikia kwa vichwa. Halafu mzee mmoja mstaafu akashika kipaza sauti kueleza historia ya kompyuta tangu alipoiona ya kwanza, akiwa kijana, na hakuna mguu uliosogea. Utamwachaje mtu wa rika la baba yako anaongea? Ila baada ya muda niliona simu zinaanza kupokewa. Mtu anaitoa mfukoni, anaitazama kwa mshtuko, anaiweka sikioni, anainama kidogo, "Samahani, samahani," anatoka akiongea na hewa mpaka chumba cha pili, anakaa chini na kuikata. Wakatoka wengi hivyo, mmoja mmoja, kila mmoja ana dharura. Kijana mmoja alikuwa katikati ya mlango, anamwambia hewa "Ndiyo mama, nipo njiani," simu ikamlilia sikioni kwa sauti ya juu kabisa. Mzee alinyamaza, akamtazama, akasema, "Pokea mwanangu, huenda huyo ndiye mama." Aliyecheka zaidi ya wote ni mzee mwenyewe.

Intaneti sitaiongelea kwa kirefu, inaniuma. Tulinunua bando nono la siku nzima, tukaandika paswedi ubaoni kwa fahari, na kabla ya chai laptopu mbili tatu, zilipohisi zimepata mtandao wa bure, ziliamua zenyewe kupakua masasisho makubwa ya mfumo. Zikalimaliza lote. Watu wa teknolojia walikaa mchana kutwa wakirushiana data kwa flashi. Muda mfupi baadaye umeme nao ukakatika, na ufunguo wa chumba cha jenereta ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekuwa msibani Bagamoyo.

Kwa hiyo tulihamia nje, chini ya mwembe, jirani na masufuria. Mama wa chakula alikuwa ameshatuonya. Siku tuliyompelekea idadi ya waliojiandikisha, mia mbili na kitu, aliuliza wamejiandikisha wapi.

"Mtandaoni, mama."

"Wamelipa chochote?"

"Hapana mama, ni bure."

"Basi mwanangu hao si watu, hao ni majina. Nitapika wa mia na ishirini. Na wewe usinifundishe."

Asubuhi vichwa vilikuwa chini ya themanini, nikaanza kuhesabu hasara. Pilau ilipofunuliwa, mia na ishirini walitimia, pamoja na bodaboda wa kituo cha jirani na mafundi waliokuwa wanapaka rangi ukuta wa pili. Ukoko alipewa mwenyekiti. Nimekutana na wataalamu wa takwimu wenye vifaa vya gharama kubwa, na kwa kukadiria mahudhurio ya shughuli ya bure sijaona anayemfikia yule mama.

Ni kwenye pilau hiyo alipotokea fundi simu. Alikuja kumrudishia mhazini simu yake, akapewa sahani kwa adabu ya kawaida, na mtu akamwuliza huku anakula: simu ikidumbukia majini, ni kweli inazikwa kwenye mchele? Fundi aliweka kijiko chini. "Mchele ni wa pilau," akasema, "simu si mboga." Kisha akatoa bisibisi, akatandaza kitambaa na kufungua simu mbovu aliyokuwa nayo mkobani. Akaeleza kwamba maji peke yake hayaui kwa haraka. Kinachoua ni umeme unaopita wakati kuna maji yenye chumvi ndani, kisha kutu inayotafuna saketi polepole, na ndiyo maana simu ya aliyeoga baharini Coco Beach hufa vibaya kuliko ya aliyenyeshewa. Usiiwashe uone kama bado nzima. Usiichaji. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya bodi, na vumbi lake linaingia kwenye tundu la chaji. Ifunguliwe, betri itenganishwe kwanza, bodi isafishwe kwa spiriti ya mafundi na brashi laini, ikauke sawasawa. Alionyesha ile rangi ya kijani ya kutu pembeni mwa saketi, sahani zikapitishwa nyuma ili watu wasogee. Hapakuwa na projekta wala kikaratasi ukutani. Hakuna aliyepokea simu. Mtunza ukumbi alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa ndani ya duara.

Mwishoni tuligawa karatasi za tathmini. Swali la nini kiboreshwe lilijibiwa na karibu wote kwa maneno yanayofanana: ratiba itolewe mapema. Mwakani tunarudia, na tumekubaliana kwamba mada zibaki wazi, wasemaji wabaki wazi, muda ubaki wazi kadiri ya uungwana, ila chakula, ufunguo wa jenereta na swichi ya panga boi viwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina. Mfadhili amekubali, kwa sharti la neno la shukrani.

Limebaki moja. Katika kuhamia mwembeni ilipotea ekstensheni nyeusi ya matundu sita, waya mrefu, imeandikwa KAMATI kwa rangi ya kucha nyekundu. Si ya kamati, ni ya shemeji wa mhazini, aliyetupa na projekta, na siku hizi mhazini anazungukia uchochoro wa nyuma asipite mbele ya duka lake. Ndugu msomaji, kama iko kwako, irudishe kwa mzee mtunza ukumbi. Hatutakuuliza jina, wala hutaweka sahihi popote.